Je, Bahari Iliwahi Kufika Mbeya? Mmea Mmoja na Milango ya Maziwa Yetu

Ukianzisha mazungumzo kuhusu maziwa yetu, iwe kijiweni Mbeya mjini au kwenye basi la kwenda Kyela, haichukui muda kabla mtu hajauliza: kwani zamani huku kulikuwa bahari? Anayeuliza ana sababu zake. Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, watu wamepika chumvi kwa mamia ya miaka. Maji ya Rukwa yenyewe ni ya chumvichumvi na magadi. Na Ziwa Tanganyika lina konokono wanaofanana kabisa na wale unaowaokota ufukweni Bagamoyo.

Leo tunalijibu swali hilo kupitia kiumbe ambaye huenda hujawahi kumtazama mara mbili: mmea unaoishi umezama majini, ambao wanasayansi wanauita Najas marina. Jibu fupi ni hapana, bahari haikufika. Jibu refu ndilo tamu, na linatugusa hata sisi tunaolima na kuwasha taa Mbeya na Iringa leo.

Mmea wenye jina la bahari

Jina Najas linatokana na hadithi za Wagiriki wa kale kuhusu wasichana wa majini waliokaa kwenye chemchemi na mito. Marina ni Kilatini, maana yake "wa bahari". Jina hili lilitolewa na Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuita viumbe kwa majina mawili, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Huko kwao mmea huu huota kwenye ghuba na mabwawa ya pwani yenye kina kifupi, mahali ambapo maji baridi ya mito yanachanganyika na ya bahari.

Ukiung'oa utaona shina jembamba linalovunjika kirahisi, na majani membamba yenye meno makali pembeni kama msumeno mdogo. Una mimea dume na mimea jike, kila mmoja peke yake. Maua yake hayatoki juu ya maji kusubiri nyuki. Chavua inaachiwa majini humohumo, inasukumwa na maji mpaka ikutane na ua la kike. Maisha yake yote, kuanzia mbegu hadi mbegu, yanapita chini ya maji.

Sasa utata uko hapa. Mmea huu "wa bahari" unaota pia ndani ya Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari na karibu kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Umefikaje huko?

Wazungu walipoitafuta bahari bara

Mwaka 1858 John Hanning Speke, akiwa safarini na Richard Burton, aliokota makombe ya konokono Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata yalielezwa kitaalamu London. Waliofuata wakaleta mengine zaidi, na wataalamu walipoyapanga mezani wakashangaa: mengi ni manene, yana miiba na mapambo, kama ya baharini. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona jambo lililozidi hapo. Ndani ya ziwa hilohilo aliona konyeza, yule mnyama laini kama ute ambaye wavuvi wa pwani wanamkwepa kwa kuwasha. Konyeza, kwenye ziwa la maji baridi!

Basi wazo likazaliwa. Mwingereza J. E. S. Moore alifanya safari mbili, ya kwanza mwaka 1895 hadi 1896 na ya pili mwaka 1899 hadi 1900. Mwaka 1903 akatoa kitabu kizima alichokiita "Tatizo la Tanganyika". Hoja yake ilikuwa kwamba ziwa hili ni kipande cha bahari ya kale ya zama za Jurasiki kilichonaswa katikati ya bara, na kwamba konokono wake ni wajukuu wa wale ambao mawe yao yanapatikana Ulaya. Katika safari ya kwanza alipitia Ziwa Nyasa na nyanda zilizo kati ya maziwa haya mawili, jirani kabisa na mpaka wetu wa leo wa Tunduma. Yaani mjadala huu ulipita mlangoni kwetu.

Hoja ya Moore ilikuwa nzuri, na ilikuwa na kosa. Mwaka 1904 hadi 1905 W. A. Cunnington aliongoza msafara wa tatu wa Tanganyika, akakusanya viumbe wengi zaidi, na akalinganisha na maziwa mengine ya Afrika. Wakati huohuo konyeza wa jamii hiyo akaonekana Ziwa Victoria na katika mto Niger, kusiko na mtu anayedai kuwa ni bahari iliyonaswa. Wanajiolojia nao, baadaye, wakaonyesha kwamba bonde la Tanganyika ni sehemu ya Bonde la Ufa, na umri wake ni takriban miaka milioni 9 hadi 12. Zama za Jurasiki ziliisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Huwezi kurithi maji kutoka bahari iliyokauka kabla shimo lako halijachimbwa.

Konokono wale walikuwa na sura ya bahari kwa sababu nyingine. Ziwa kubwa na la kale lina mawimbi, miamba na kaa wanaovunja makombe, kwa hiyo kombe nene linamsaidia mwenye nalo. Maisha yanayofanana huleta maumbo yanayofanana, hata kama koo ni tofauti.

Lakini tukishaiondoa bahari, maswali mawili yanabaki mkononi. Mmea wetu ulifikaje? Na hii chumvi imetoka wapi?

Tumbo la bata

Swali la kwanza Charles Darwin aliligusa mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 anaeleza jinsi alivyochukua vijiko vitatu vikubwa vya tope kutoka kingo za bwawa dogo, akavifunika ofisini kwake kwa miezi sita, na kung'oa kila mche uliochomoza. Alihesabu miche 537. Kwa hoja yake, ndege wa majini anayeondoka na tope kidogo miguuni anabeba bustani nzima.

Kuhusu Najas marina wenyewe, watafiti wawili wa Israeli, M. Agami na Y. Waisel, walifanya jaribio la wazi mwaka 1986: waliwalisha bata mbegu zake. Nyingi zilisagwa tumboni, lakini zilizobaki nzima na kutoka na kinyesi ziliota vizuri kuliko zile ambazo hazikupita kwa bata, kwa sababu ganda lake gumu lilikuwa limelainika. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba samaki nao wanaweza kusafirisha mbegu hizo.

Sasa fikiria ndege wa majini wanaoruka kila mwaka kutoka Ulaya na Asia kufuata Bonde la Ufa, wakishuka ziwa baada ya ziwa. Hawahitaji bahari iwaunganishe. Mmea "wa bahari" una tiketi ya ndege, na umeitumia kwa maelfu ya miaka.

Ila kufika ni jambo moja na kuishi ni jingine. Mbegu zinaanguka kila mahali, lakini mmea unashika pale tu ambapo maji yanaufaa: maji yenye mwanga wa kutosha, na yenye madini kuanzia kiasi hadi chumvichumvi. Kwa hiyo tunarudi kwenye chumvi.

Sufuria isiyo na tundu

Weka mchuzi jikoni bila kifuniko, usahau. Maji yanaondoka na mvuke, chumvi inabaki. Ukiongeza maji na kuacha tena yakauke, halafu ukarudia, mwishowe mchuzi hauliki, ingawa hukuongeza hata chembe ya chumvi ya dukani.

Ziwa Rukwa ni sufuria hiyo. Liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, mito ya Songwe, Momba, Rungwa na mingine inaingia, na hakuna hata mmoja unaotoka. Maji yanaondoka kwa jua tu. Kila mto unaleta madini kidogo kutoka kwenye miamba, na kwetu miamba ni mikarimu. Rungwe ni eneo la volkano. Huko Kyejo hewa ya ukaa inatoka ardhini kwa wingi kiasi cha kuvunwa na kutiwa kwenye soda. Hewa hiyo ikikutana na maji ya chini ya ardhi huyapa ukali wa kuyeyusha miamba. Ndiyo maana chemchemi za moto za Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, zinatoa maji yenye sodiamu na bikaboneti, na zimejenga matabaka ya mawe ya chokaa pembeni yake. Maji hayo safari yake inaishia Rukwa.

Hiyo ndiyo chumvi yetu: imetoka kwenye mawe, ikasafiri na mito, ikabaki kwa sababu haina pa kutokea.

Na hapa inafaa tuwakumbuke waliolijua jambo hili bila kusubiri msafara wowote. Ivuna, ambayo leo iko Wilaya ya Momba mkoani Songwe, inajulikana duniani kwa kimondo kilichoanguka Desemba 1938. Lakini wanaakiolojia wanaijua kwa chumvi. Brian Fagan na John Yellen walichimba pale, na ripoti yao ya mwaka 1968 inaonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi kati ya karne ya 13 na ya 15, kwa kuchukua maji ya chemchemi za chumvi na kuyachemsha kwenye vyungu. Wapishi wale walikuwa wakikamilisha kazi ambayo ziwa liliianza. Karne tano baadaye wasomi wakawa wanabishana London kama viumbe wa Tanganyika lazima wawe mabaki ya bahari.

Milango inayofunguka na kufungwa

Ukishaelewa sufuria, historia ya maziwa yetu inakuwa historia ya milango. Ziwa lenye mlango wa kutolea maji hubaki na maji baridi, kwa sababu chumvi inasombwa. Ziwa lililofungwa hukolea.

Chukua Tanganyika. Mlango wake ni mto Lukuga, upande wa Kongo. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alitangaza kwamba amepata njia ya maji kutoka. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alikuta maji yamesimama, mkondo umezibwa na matope na mimea. Mwishoni mwa mwaka 1879 Joseph Thomson alikuta mto unakwenda kwa nguvu. Wasomaji wa Ulaya walijiuliza nani mwongo. Hakuna aliyekuwa mwongo: ziwa lilikuwa limepanda likabomoa kizuizi, na mlango ukafunguka katikati ya ziara za wageni. Hata leo mlango huo ni mwembamba, na sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa mvuke. Kila lita ina takriban nusu gramu au zaidi kidogo ya madini, wakati Nyasa ina chini ya nusu ya kiasi hicho. Ni kidogo mno ukilinganisha na gramu 35 za bahari, ila inaufaa mmea wetu.

Chukua Nyasa. Mlango wake ni mto Shire, kusini kabisa, nchini Malawi. Kuanzia takriban mwaka 1915 hadi 1935 maji yalishuka chini ya kizingiti, mchanga na matete vikaziba, na Shire haukutoa maji ya ziwa. Miaka 20 ziwa lililojaa hadi Matema lilikuwa limefungwa. Mvua ziliporudi maji yakapanda, mlango ukafunguka.

Na Rukwa? Thomson huyohuyo aliliona mwaka 1880, akalipachika jina la mfalme Leopold wa Ubelgiji, jina ambalo kwa bahati njema halikushika. Wageni waliofuata walikuta ziwa tofauti kila mara. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa takriban kilomita 50 tu. Mwaka 1939, miaka 10 baadaye, lilikaribia kilomita 130. Leo lina takriban kilomita 180. Ziwa la namna hii halina ufukwe wa kudumu. Lina ufukwe wa mwaka huu.

Hata Rukwa liliwahi kuwa na mlango. Zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, lilijaa hadi takriban mita 180 juu ya usawa wa leo, likamwagika magharibi kuelekea Tanganyika. Wakati huo maji yake yalikuwa baridi. Hali ya hewa ilipokauka mlango ukafungwa, na chumvi ikaanza kujikusanya.

Tumejuaje? Vioo vidogo kwenye tope

Utauliza, nani alikuwepo miaka 8,000 iliyopita apime chumvi? Diatomu walikuwepo. Hawa ni mwani wadogo sana wa chembe moja, wanaojijengea ganda la kioo. Kila aina ina kiwango chake cha chumvi inachokipenda. Wakifa wanazama, ganda linabaki kwenye tope, tabaka juu ya tabaka. Ukichimba tope la ziwa kwa bomba refu na kulisoma kwa hadubini, unasoma ladha ya maji ya kila enzi.

Ujuzi huo una mizizi kwetu, na mizizi yake si safi. Mwaka 1899 Mjerumani Walther Goetze alipita Uhehe, Usangu, milima ya Wakinga na Rungwe akikusanya mimea kwa ajili ya Berlin. Mkwawa alikuwa amejiua Julai 1898 ili asikamatwe. Nyasi zilizokaushwa kwenye magazeti ya Goetze ziliota kwenye nchi iliyotoka vitani. Mwishoni mwa mwaka huohuo Goetze alifia Langenburg, kituo cha Wajerumani kando ya Ziwa Nyasa. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni, alikusanya viumbe wadogo wa Ziwa Nyasa na maji ya jirani, na kati ya mwaka 1903 na 1910 Otto Müller akachapisha diatomu hao kwa michoro. Majina kadhaa ya diatomu yanayotumika leo kusoma historia ya maziwa ya Afrika yalianzia kwenye chupa zile.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya vita yaliunguza hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Berlin. Sampuli nyingi zilizotoka kwetu zikawa majivu. Zilizokuwa na nakala mahali pengine zilisalimika. Zisizo na nakala zimebaki maelezo kwenye karatasi. Somo hapo halihitaji mwalimu: kumbukumbu ya mimea ya Iringa na Mbeya ikikaa kwenye jengo moja la mbali, inaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Mlango wetu wa leo: Ng'iriama

Mpaka hapa unaweza kudhani ni habari za kale. Basi tuje Usangu.

Mito inayoshuka kutoka milima ya Mbeya na Makete inakutana kwenye uwanda wa Usangu, inatandaa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, halafu inatokea sehemu moja nyembamba: kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba ule, Ruaha Mkuu unapita, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mkoani Iringa, unaendelea hadi Mtera na Kidatu. Yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika. Hakuna hila hapo, ni kizingiti tu, kama cha Shire na kama cha Lukuga.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi, na mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204 inategemea mto huohuo. Tofauti na historia yote niliyokueleza, safari hii aliyebana mlango si mvua peke yake. Kuna mifereji ya mpunga inayotoa maji hata kiangazi, kuna mifugo, kuna ukataji miti kwenye vyanzo. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya eneo hilo ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Familia zilihama na mifugo yao. Mto ukaendelea kukatika. Kumhamisha mtu ni rahisi kuliko kukubaliana nani achukue maji kiasi gani, mwezi gani.

Mimea inayozama majini ndiyo ya kwanza kuonja mabadiliko haya, kwa sababu haina pa kukimbilia. Tope likizidi, mwanga haufiki chini, inakufa. Maji yakikauka kabla mbegu haijakomaa, mwaka umepotea. Chumvi ikipanda, inayopenda maji baridi inaondoka na jamaa za Najas marina wanachukua nafasi. Na mimea hiyo ikiondoka, vifaranga vya samaki vinakosa pa kujificha. Kwa hiyo ukitaka kujua mlango wa ziwa au ardhi oevu umefungwa kiasi gani, tazama nini kinaota chini ya maji.

Kama unasoma sayansi Mbeya au Iringa, hii ni kazi unayoweza kuianza bila ufadhili mkubwa. Ukienda Matema, ukienda upande wa Rukwa, au ukipita Mtera, chukua tawi moja la mmea uliozama, likaushe vizuri ndani ya gazeti, andika mahali, tarehe, kina cha maji na kama maji yana chumvi. Nakala moja ipeleke hifadhi ya taifa ya mimea kule Arusha, nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbili, si moja, Berlin imeshatufundisha.

Na siku mtu akikuuliza kijiweni kama bahari iliwahi kufika Mbeya, mwambie haikufika. Kisha muulize yeye: maji ya Usangu mwaka huu yanapita juu ya mwamba wa Ng'iriama, au yameshuka?